Askofu Cassian Spiss na Nyumba ya Kukutania



Katika kijitabu hiki cha changizo la mwaka huu mtakuta taarifa za kazi, hesabu na orodha ya mahitaji. Katikati ya kurasa hizo tumeweka habari za maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita. Tumemchagua kwa sababu kazi kubwa iliyo mbele yetu ni kanisa la parokia pamoja na ukumbi wake, mahali tunapofungia ndoa, tunapoagia marehemu wetu na tunapokalia vikao vyetu. Yeye ndiye aliyeanzisha misheni ya Peramiho, ambayo makanisa mengi ya Kikatoliki ya nchi ya Songea yametokana nayo.

Hatukumchagua ili tumpambe kwa sifa. Misheni aliyoianzisha iliteketezwa kwa moto na babu zetu, na yeye mwenyewe aliuawa akiwa njiani kuifuata. Kisha nyumba hiyo ikasimama tena, na safari hii ikadumu. Sisi tunaotaka kujenga tunapaswa kujiuliza kwa nini mara ya kwanza iliungua na kwa nini mara ya pili ilidumu.

Kijana wa milimani

Cassian Spiss alizaliwa tarehe 12 Juni 1866 katika kijiji cha Sankt Jakob am Arlberg, mkoa wa Tyrol, nchini Austria. Ni nchi ya milima mirefu yenye theluji, mashamba madogo na ng'ombe wanaolishwa kwenye miteremko. Mtu wa Umatengo akifika huko, baridi itamtesa, lakini mlima wenyewe hautamshangaza.

Katika vijiji vya Tyrol vya wakati ule kanisa lilikuwa katikati ya kila jambo. Mtoto alibatizwa hapo, vijana walioana hapo, wazee walizikwa kwenye uwanja wake. Misa ya Jumapili ilipokwisha watu hawakukimbilia majumbani. Walisimama nje wakaulizana habari za mifugo, deni, ugonjwa na uchumba. Kengele ikilia saa isiyo ya sala, kila mtu alijua kuna moto au hatari nyingine, akatoka na ndoo yake. Mtoto aliyekulia hapo hakuhitaji kufundishwa kwamba kanisa ni mahali watu wanapokutana na Mungu na pia wanapokutana wao kwa wao.

Alipokua alijiunga na Wabenediktini wa St. Ottilien, shirika lililoanzishwa mwaka 1884 na Padre Andreas Amrhein huko Bavaria, Ujerumani. Hawa walikuwa watawa wa sala na kazi: mmoja anasoma, mwingine anapiga randa, mwingine anachoma matofali. Wamisionari wao wa kwanza walifika nchini kwetu mwaka 1888, wakajenga Pugu, karibu na Dar es Salaam. Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, Pugu ilishambuliwa na kuharibiwa, na baadhi ya watawa waliuawa. Kwa hiyo Spiss alipovuka bahari katika miaka ya 1890 alijua vizuri kwamba aliyemtangulia alikuwa amelipa kwa damu. Alijua pia, au alipaswa kujua, kwamba machoni pa wenyeji misheni na serikali ya kikoloni vilikuwa vimeshuka katika meli moja.

Nchi aliyoikuta

Ungoni haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Wangoni walikuwa wametoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, wakapitia nchi nyingi hadi makundi yao mengine yakafika hapa kwetu. Hapa zikasimama enzi mbili: Njelu, iliyokuwa chini ya ukoo wa Gama, na Mshope, ambayo wakati wa Majimaji ilitawaliwa na Nkosi Chabruma. Chini ya wakuu hao walikuwapo watu wa makabila mengi waliotekwa au kutiishwa, ambao Wangoni waliwaita Wasutu. Kila eneo lilikuwa na nduna wake. Aliyevuma kuliko wote ni Nduna Songea Mbano wa Njelu, ambaye jina lake ndilo jina la mji wetu hadi leo.

Watu hao walikuwa na mahali pao pa kukutania. Mashauri ya vita, kesi za mali na ndoa, na mambo ya mashamba yalizungumzwa barazani kwa Nkosi au kwa nduna. Walikuwa pia na mahali pa kuwakumbuka waliotangulia, mahoka, yaani roho za wahenga, ambao walipelekewa sadaka na kuombwa mvua, uzima na amani. Hakuna arusi wala msiba uliopita bila kuwataja. Nyumba ya mahoka ilikuwa ndogo kwa ukubwa wa kuta, lakini uzito wake ulikuwa uzito wa ukoo mzima.

Mwaka 1897 Luteni Engelhardt alifika na askari wake akajenga boma Songea. Wakuu wa Wangoni waliitwa mkutanoni. Walipokwisha kukusanyika walizuiliwa kwa nguvu, wakalazimishwa kuukubali utawala wa Wajerumani, na wapo waliopigwa risasi. Mwaka uliofuata, 1898, ilianza kutozwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shambani. Jambo hili la mkutano lisipite bila kuangaliwa. Kwa desturi ya Wangoni, kuitwa barazani kulikuwa ni kuitwa kusema na kusikilizwa. Mara ya kwanza Mzungu alipowaita, mkutano uligeuka mtego. Yeyote ambaye angekuja baada ya hapo na kusema njooni tukutane, alikuwa na deni la kulipa hata kabla hajafungua mdomo.

Peramiho, 1898

Padre Cassian Spiss ndiye aliyekuja. Tarehe 31 Julai 1898, akiwa na miaka 32, alianzisha misheni ya Peramiho, kilomita 24 hivi magharibi ya Songea. Wabenediktini walikuwa wamekwisha kufungua Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896 na Tosamaganga mwaka 1897. Mwaka 1899 Padre Johannes Häfliger alifungua Kigonsera. Katika muda wa miaka michache tu, kusini yote ilikuwa na vituo vya watawa hawa.

Misheni haikuwa kanisa peke yake. Palikuwa na shule, dawa, bustani na kazi za mikono. Mtoto alijifunza kusoma, na fundi alijifunza kazi yake. Kwa mtu wa hali ya chini, ambaye katika enzi ya zamani hakuwa na sauti barazani, shule ya misheni ilikuwa mlango mpya. Kwa mkuu wa ukoo mlango huohuo ulikuwa tishio. Watoto walikuwa wakitolewa kwenye mamlaka yake na kufundishwa kwamba desturi za nyumbani ni giza. Alikuwa akiambiwa kuwa wake zake ni wengi mno na mahoka yake ni ya bure. Wazazi wengi walilalamikia shule hizo, na malalamiko hayo yamo katika sababu zinazotajwa na wanahistoria wanapoeleza kwa nini Ungoni iliingia vitani.

Kwa hiyo Peramiho ya mwanzo ilikuwa mahali pa kukutania, lakini kwa masharti ya mwenye nyumba. Walioingia waliingia kama wageni. Saa ya kukutana ilipangwa na padre, maneno ya misa yalikuwa Kilatini, na mambo ya kijiji yaliyoletwa pale yaliletwa kama maombi. Tunayasema haya bila chuki. Ndivyo misheni nyingi za zama zile zilivyokuwa, na waliozianzisha waliamini kwa moyo wote kwamba wanatenda mema.

Alivyojifunza lugha

Hata hivyo Spiss alifanya jambo moja ambalo lingetosha kumfanya akumbukwe hata kama asingejenga kitu. Alikaa chini akajifunza lugha za watu. Mwaka 1904 ilichapishwa huko Berlin kazi yake iitwayo Kingoni und Kisutu, inayoeleza sarufi na maneno ya lugha hizo mbili. Kingoni alichokiandika kilikuwa lugha iliyokuja na wakuu kutoka kusini, jamaa ya Kizulu. Kisutu ilikuwa lugha ya watu waliokutwa hapa.

Leo umuhimu wa kitabu hicho unaonekana wazi. Kile Kingoni cha wakuu kilipotea pole pole. Watoto walizungumza lugha ya mama zao, na wengi wa mama hao walikuwa Wasutu. Lugha tunayoiita Kingoni siku hizi, ile bibi anayokuitia jikoni, kwa sehemu kubwa ni kizazi cha kile Kisutu. Ukitaka kujua babu wa babu yako alisemaje alipoitwa barazani, kazi ya Spiss ni mojawapo ya mahali pachache pa kutazama.

Kujifunza lugha ya mtu ni kumkubali kwamba ana la kusema. Padre aliyeuliza kwa subira neno hili linatamkwaje na lile lina maana gani, alilazimika kukaa na wazee, kukosea mbele yao na kusahihishwa nao. Kwa saa hizo mwalimu alikuwa Mngoni au Msutu, na Mzungu alikuwa mwanafunzi. Kama mikutano yote ya siku zile ingekuwa ya namna hiyo, huenda historia yetu ingesomeka vingine.

Uaskofu

Mwaka 1902 eneo kubwa la kusini lilipandishwa hadhi likawa vikariati ya kitume, nayo ikaitwa Zanzibar ya Kusini, ijapokuwa ilikuwa bara. Spiss aliteuliwa kuiongoza na kupewa daraja ya uaskofu. Makao yake yakawa Dar es Salaam, ambako kanisa la Mtakatifu Joseph lilikuwa limejengwa ufukweni kuanzia mwaka 1897. Peramiho aliiacha mikononi mwa wenzake, lakini iliendelea kuwa chini ya uangalizi wake, na kila safari ya kuitembelea ilikuwa ya majuma mengi kwa miguu.

Kuwa askofu kulimfanya awajibike kwa yote yaliyotendwa kwa jina la misheni, mema na mabaya, hata yale yaliyotendwa yeye akiwa mbali. Na huko Ungoni jambo zito lilikuwa limetendeka.

Nyumba mbili

Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho alikuwa mtu wa bidii kubwa. Katika bidii hiyo aliichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa wa Njelu. Kwake ilikuwa kuondoa ushirikina. Kwa Mputa na watu wake ilikuwa kama mtu kuingia kanisani leo, akachoma altare na rejista ya marehemu wote wa parokia. Mputa hakusahau. Vita ilipokuja, jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyomsukuma, na Leuthner alikuwa mmoja wa waliouawa.

Hapa ndipo tungependa msomaji asimame kidogo. Katika nchi moja zilikuwapo nyumba mbili za kukutania, nyumba ya wahenga na nyumba ya misheni. Wa nyumba ya pili aliichoma ya kwanza. Miaka haikupita mingi, wa nyumba ya kwanza wakaichoma ya pili. Mpanda upepo huvuna tufani. Hakuna upande uliofaidika. Waliopoteza zaidi ni watu wa kawaida, ambao walihitaji tu mahali pa kumwombea mgonjwa, kumwoza binti na kumzika mzee kwa heshima.

Safari ya mwisho

Mwishoni mwa Julai 1905 wakulima wa Nandete katika milima ya Umatumbi waling'oa mashina ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita ya Majimaji ikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akitoa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Kumnyonga hakukuzima moto. Habari za maji zilikwisha kusambaa kila upande.

Siku hizohizo Askofu Spiss alikuwa safarini kuelekea Peramiho. Alishuka Kilwa akashika njia ya bara ya kupitia Liwale. Alikuwa na wenzake wanne: Bruda Gabriel Sonntag, Bruda Andreas Scholzen, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Njia yao ilipita katikati kabisa ya nchi iliyokuwa imekwisha kunywa maji. Tarehe 14 Agosti 1905, mahali paitwapo Mikukuyumbu karibu na Liwale, wote watano waliuawa. Askofu alikuwa na miaka 39.

Kwa wapiganaji waliomwua alikuwa Mzungu, na Mzungu alikuwa kodi, pamba na kiboko. Hawakuwa na namna ya kujua kwamba yule mbele yao alikuwa ameandika maneno ya Kisutu kwa mkono wake. Wala yeye hakuwa na nafasi tena ya kuwaeleza. Vita haina subira ya kuuliza mtu ni nani.

Moto, kitanzi na njaa

Dawa ya maji ililetwa Ungoni na Omari Kinjala. Septemba 1905 Peramiho iliteketea, na Kigonsera pia ikashambuliwa. Nyangao na Lukuledi zilikuwa zimekwisha kuangamizwa. Kazi ya miaka saba ya Peramiho ikabaki majivu.

Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali kupita kiasi. Askari walichoma vijiji, maghala na mashamba ili njaa imalize kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya manduna na viongozi wa Wangoni walinyongwa hapa Songea, Nkosi Mputa akiwa mmoja wao. Padre Häfliger aliwaendea gerezani kabla hawajanyongwa, na baadhi yao aliwabatiza. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa baada ya wenzake. Kaburi la pamoja la mashujaa hao lipo Mahenge, Songea, penye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, nasi huwakumbuka kila Februari 27. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko vita yenyewe. Makadirio ya waliokufa katika Majimaji yote, kusini na mashariki, huwa kati ya watu 75,000 na 300,000.

Hatuwezi kusimulia kifo cha askofu na kuwanyamazia waliozikwa Mahenge. Wala hatuwezi kusimulia habari za Mahenge na kuwasahau masista wawili na mabruda wawili wa Mikukuyumbu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja neno hilo kusemwa katika ardhi hii na mkuu wa nchi yao.

Nyumba iliposimama tena

Baada ya vita watawa walirudi Peramiho wakaanza upya. Walikuta watu wenye njaa, wajane, yatima na koo zisizo na wakuu. Baraza za zamani zilikuwa zimevunjwa, waliozikalia wengi wamenyongwa. Katika hali hiyo uwanja wa misheni ukawa mahali ambapo watu wangeweza kukusanyika, kupata dawa, kupeleka mtoto shule na kuulizia ndugu aliyepotea. Wengi waliingia kanisani miaka ile. Wapo walioingia kwa imani, wapo walioingia kwa njaa, na wapo walioingia kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Wajukuu zao ni sisi.

Polepole nyumba ikabadilika mwenyewe. Waliofyatua matofali, kuponda mawe na kupandisha kenchi walikuwa watu wa hapa. Makatekista waliotembea kutoka kigango hadi kigango walikuwa watu wa hapa. Peramiho ikawa abasia mwaka 1931, ikajulikana kwa hospitali yake, shule zake za ufundi na mtambo wake wa kuchapa vitabu. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, misa ikasomwa kwa Kiswahili na ngoma zikaruhusiwa kanisani, zile ngoma ambazo zamani zilibaki nje. Tarehe 6 Februari 1969 likaanzishwa Jimbo la Songea na kukabidhiwa kwa Askofu James Komba, mwana wa nchi hii. Mwaka 1987 likawa Jimbo Kuu.

Siku hizi tukiwaombea marehemu kanisani, tunawataja wahenga wetu kwa majina yao, na hakuna padre anayetukataza. Kilichochomwa kwa Mputa hakikurudi, lakini haja iliyokuwa ndani yake imepata mahali.

Kwetu Mshangano

Kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Songea, na wakazi wake wanaongezeka. Kila Jumamosi ya msimu wa arusi na kila msiba unapotokea tunaona wenyewe haja iliyopo. Waombolezaji husimama nje kwenye mvua za masika. Kamati ya arusi hukaa chini ya mti. Kikao cha mtaa, siku ya chanjo, mafunzo ya mbolea ya ruzuku, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, vyote hutafuta paa.

Kuna wanaouliza kwa nini yote haya yasifanyike ndani ya kanisa, maana lipo na ni kubwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1210, zinataka mahali patakatifu patumike kwa ibada na mambo ya dini tu. Askofu anaweza kuruhusu matumizi mengine kwa tukio mojamoja, mradi yasipingane na utakatifu wa mahali. Ndoa, ubatizo, misa ya kuaga marehemu na jubilei ni mambo ya kanisani. Karamu, mnada, kikao cha mtaa na hesabu za fedha ni mambo ya ukumbini. Ndiyo maana tunachangia vyote viwili, kanisa likarabatiwe na ukumbi ujengwe pembeni yake, katika uwanja mmoja.

Lakini maisha ya Askofu Spiss yanatuonya kwamba kuta hazitoshi. Nyumba ya kukutania huulizwa maswali matatu: nani aliijenga, nani ana sauti ndani yake, na nani anafungiwa nje. Peramiho ya kwanza ilishindwa swali la pili na la tatu. Kwa hiyo chama chetu kinapendekeza haya yajadiliwe na waamini pamoja na majirani kabla msingi haujachimbwa:

Kamati ya ukumbi iwe na wanawake, vijana na wazee, na ndani yake wawemo majirani zetu Waislamu na wa madhehebu mengine, kwa sababu misiba yetu tunazikana wote.

Kwa msiba ukumbi utolewe bure, uwe wa nani. Kwa arusi ada iwe moja kwa tajiri na maskini, nayo ibandikwe mlangoni.

Mikutano ya kampeni za vyama isifanyike humo, ili asije mtu akaogopa kuingia kwa sababu ya rangi ya shati lake.

Pawepo ukuta mmoja wa majina. Kila ukoo wa Mshangano ulete majina ya wazee wake waliotangulia, awe alikuwa Mkristo, Mwislamu au alikufa na mahoka yake. Tukikusanyika wakusanyike nasi.

Ndugu, haba na haba hujaza kibaba. Aliye Dar es Salaam, Mbeya au ng'ambo alete anachoweza, hata mfuko mmoja wa saruji. Aliye nyumbani asiye na fedha alete siku moja ya nguvu zake, kwa kubeba maji au kusogeza tofali. Na ambaye hana fedha wala nguvu alete shauri lake kikaoni, maana hilo nalo ni mchango. Kila kitakachopokelewa, kiwe fedha, siku ya kazi au tofali, kiandikwe daftarini na kusomwa hadharani, kanisani baada ya misa na kwenye mkutano wa mtaa.

Askofu Cassian Spiss hakuifikia Peramiho mara ile ya mwisho. Nyumba aliyoianzisha ilifika mikononi mwetu kwa njia ndefu yenye majivu na makaburi ya pande zote mbili. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba jengo tutakalolisimamisha Mshangano halitakuwa na mtu yeyote wa hapa anayelipita akisema lile ni la wale.

Karibuni tujenge.